Baba Hatupiwi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kucheza mpira wa kikapu, tena Iringa, tena katika miaka ya hamsini, hukitazama kitambi changu wakacheka. Wacheke tu. Wakati ule nilikuwa mwembamba, nina mbio na nina mdomo. Mbio zimekwisha, mdomo umebaki. Nilikuwa mtoto wa mwenye duka wa Mbeya, wa watu waliopanda bara zamani kutoka pwani na biashara zao, na pale chuoni waliniita Mswahili kana kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza.

Chuo chenyewe kilikuwa cha ualimu, nje ya mji wa Iringa, juu ya kilima. Alasiri ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mabwenini bila kupiga hodi, na ukishaingia hujui anayekohoa kitanda cha pili ni nani. Sikuipenda hali ile. Kwetu Mbeya ukungu upo pia, lakini nilizaliwa nao, nikauzoea. Ule wa Iringa niliuona una tabia ya mtu.

Timu yetu ilikuwa changa kweli. Wakubwa walikuwa wamemaliza masomo wakaenda kufundisha, tukabaki sisi wa mwaka wa kwanza, wengi hatujapata kuushika mpira ule kabla. Mwalimu wetu wa michezo, kijana wa Kinyakyusa aliyejifunza mchezo kwa mapadri, alitukuta na kilema ambacho alisema hajakiona popote. Hatukuwa tunatupa kutoka mbali. Mtu angeachwa peke yake, goli analiona, nafasi anayo, naye angeukumbatia mpira na kukimbia nao mpaka chini ya goli, aruke, auweke ndani polepole. Timu yoyote yenye akili ingejazana pale chini, na sisi tungekuwa tumekwisha.

“Mnaweka mpira kama bibi harusi anayeweka chungu mekoni!” alitupigia kelele. “Tupa! Nimesema tupa!”

Hakuna aliyetupa. Mimi nilijaribu, maana sikuwa na sababu ya kutojaribu, lakini mikono yangu ilikuwa mifupi na mpira wa siku zile, wa ngozi, ukilowa ulikuwa mzito kama boga. Uliishia njiani. Wenzangu, wengi wao wenyeji, waliinamisha vichwa tu.

Mwalimu hakuwa mjinga. Alipoona matusi hayasaidii, akabadilisha njia. Alitusimamisha karibu na goli la upande wa bondeni, kila mmoja atupe kutoka hapo hapo mpaka mikono izoee, kisha turudi nyuma hatua moja, na kesho hatua nyingine. Alikataza kumcheka aliyekosa. Aliyekosa alirudishiwa mpira papo hapo atupe tena kabla woga haujapata mahali pa kukaa. “Mtu hakosi kwa sababu ya mkono,” alituambia. “Anakosa kwa sababu anajua atakosa.” Maneno hayo nimeyatumia maishani mwangu mwote, hata kwa mambo yasiyo na mpira. Lakini pale uwanjani yalifika mahali yakakwama. Hatua chache kutoka golini watu walitupa. Walipovuka mstari wa majivu tuliouchora, mikono ilikufa.

Aliyemsikitisha mwalimu zaidi ni rafiki yangu. Tulilala vitanda jirani. Alikuwa mrefu, mtulivu, mwenye viganja vipana, na mashoto. Usiku kabla ya taa kuzimwa alikuwa akirusha soksi yake iliyoviringwa kutoka kitandani hadi ndani ya ndoo iliyokuwa mlangoni, huku anazungumza na mimi, bila hata kuitazama ndoo. Mkono ule ungetufikisha mbali. Kumbe uwanjani mwenye mkono ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa, na wenzake walikuwa wanamfuata yeye.

Nikamwandama. Nina mdomo, nimekwisha sema. Nilimwita mwoga, nikamwita kuku wa kizungu, mpaka siku moja tukiwa tunafua mtoni akaniambia.

“Zile nguzo mbili za magoli unajua zimetoka wapi?”

Sikujua. Nguzo ni nguzo.

Akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya bonde, ambako kulikuwa na kijisitu cheusi juu ya kijiji chao. Ndimo ukoo wao ulimozika wazee na kufanyia matambiko. Walipotumwa vibarua wakakate miti miwili iliyonyooka, hawakuwa watu wa pale, wakaingia humo humo. Mti mmoja ulikuwa mti tu. Wa pili, wa goli la upande wa bondeni, ulikuwa wa baba yake.

Baba yake alikwenda Chunya kuchimba dhahabu yeye akiwa mdogo, hakurudi, wala salamu hazikurudi. Ukoo ulingoja miaka, kisha ukachoka kungoja. Walilia, wakanyoa, na kwa kuwa hapakuwa na mwili, wakamchagulia mti. Chini yake wakaweka jembe lake na mkeka wake. Kuanzia hapo ukitaka kumpa kitu baba, unasogea karibu, unainama, unaweka. Husimami mbali ukarusha kama unayemtupia mbwa mfupa.

“Baba hatupiwi,” alisema. “Huwekewa.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mti umekatwa, umegongwa misumari, umetundikwa pete ya pipa, na bado walikuwa wanaukaribia kwa heshima zake. Wenzake wa vijiji vile walijua wote. Hawakumwambia mwalimu kwa sababu hakuuliza. Alikuwa anasema tupa, na kwao neno hilo lilikuwa tusi.

Nikamuuliza kwa nini basi asimwombe mwalimu goli libadilishwe. Akalikamua shati lake mpaka nikaogopa litachanika. Kisha akaniambia la pili, nalo ndilo lililokuwa likimla.

Tangu mti ulipokatwa, mama yake alikuwa anamsikia baba akikohoa nyuma ya nyumba. Si ndotoni. Jioni, akiwa macho, anasonga ugali. Kikohozi cha mtu anayetaka kuingia lakini anaona haya. Akitoka kutazama, hakuna mtu. Mama alikuwa amerithiwa na mdogo wa marehemu, amezaa naye, maisha yamesonga. Sasa hakuwa analala. Kama mumewe amekufa, basi ni mzimu wake umefukuzwa mtini na atengenezewe mahali pengine. Lakini kama hajafa? Kama yuko hai na anarudi, yeye ni mke wa nani? Mama alikuwa anakonda kwa swali hilo, na hakuna aliyethubutu kulijibu.

“Huko kwenu Mbeya,” aliniambia, “watu wa Chunya hushuka?”

Nikamwambia hushuka. Hununua dukani kwetu.

“Basi lazima nifike.”

Na njia ya kufika ilikuwa moja. Timu ilialikwa kucheza Mbeya mwisho wa muhula, lori la chuo lingetupeleka, na nauli ya basi yeye hakuwa nayo. Mwalimu alikuwa ametangaza mbele yetu wote: asiyeweza kutupa kutoka nje ya mstari hapandi lori. Kwa hiyo rafiki yangu, ili aende akamtafute baba yake, ilimbidi kwanza amtupie.

Siku iliyofuata ukungu ulipanda mapema kuliko kawaida. Tulidhani mazoezi yamevunjwa. Mwalimu akaja na mpira kwapani, akacheka, akasema ndiyo hali ya hewa aliyokuwa anaingoja. “Leo hamwoni goli, basi hamtaliogopa. Mkono unajua njia.” Akatupanga nje ya mstari. Mbele yetu palikuwa peupe tu. Nguzo hazikuonekana, ubao haukuonekana. Kila mtu alitupa kwa zamu, tukasikiliza: mpira ukigonga ubao tulisikia, ukianguka kwenye majani nyuma tulisikia, na aliyetupa alikimbia kuufuata.

Zamu ya rafiki yangu ilipofika alisimama muda mrefu. Nilikuwa ubavuni mwake, nikamwona midomo inacheza. Niligundua baadaye alichokuwa anakitafuta. Kwao ukienda kwenye mji wa mtu huendi kimya mpaka mlangoni kama mwizi. Unaanza kumwamkia ungali mbali, ajue ni wewe. Mtu haruhusiwi kutupa kwa mbali, lakini kusalimu kwa mbali si ruhusa tu, ni adabu.

“Kamwene,” alisema, salamu ya kwao, na mkono wa kushoto ukauachia mpira.

Haukugonga ubao. Tulisikia pete ikilia kidogo, kisha kimya. Hatukusikia mpira ukianguka. Mwalimu akafungua mdomo kumwambia akimbie aulete. Kabla hajasema, mpira ukatoka ndani ya ukungu, unabingirika polepole, ukaja ukasimama miguuni pa rafiki yangu.

Nieleze jambo moja. Uwanja ule uliinama. Uliinama upande wa bonde, yaani nyuma ya goli lile. Mpira uliodondoka pale ulikuwa unakimbilia chini kila siku, na tulikuwa tunagombana nani aufuate. Haukupata kurudi hata mara moja.

“Nani yuko huko?” mwalimu aliuliza.

Wote tulikuwa nyuma ya mstari. Tulitazamana kuhakikisha. Mwalimu akasema ni upepo. Majani ya mikaratusi yalikuwa yametulia tuli.

Rafiki yangu aliuokota mpira akatupa tena. Kamwene. Pete ikalia, mpira ukarudi. Akatupa tena. Nilitaka kukimbia, nasema kweli, na kilichonizuia ni kuona uso wake. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimepata kumwona akitabasamu kwa meno yote. Wenzake wakajipanga nyuma yake, mmoja mmoja wakasalimu, wakatupa. Mipira ya wengine ilikosa, ikaanguka majanini kama kawaida, wakaifuata. Ya kwake ilirudishwa.

Kuanzia jioni ile tulikuwa timu nyingine. Mwalimu aliandika barua kwa mapadri wake, nadhani, kujisifia njia yake ya ukungu. Hakuna aliyesema tena tupa. Vijana walisimama nje ya mstari, wakasema kamwene, mpira ukaenda. Hata mimi mwenye mikono mifupi nikaanza kufikisha. Jua likiwaka mpira uliteremka bondeni kama siku zote, na tukaufuata huku tukicheka. Ukungu ukipanda, rafiki yangu alibaki peke yake uwanjani, na sisi tukakumbuka kwamba tuna nguo za kufua.

“Ni yeye,” aliniambia. “Amekubali. Kwa hiyo amekufa. Nakwenda Mbeya kupata uhakika tu, nimpelekee mama.”

Tulipanda lori na mablanketi yetu. Vumbi la Sao Hill, baridi, kisha joto la Chimala, na mimi nikiwapigia kelele wenzangu waone milima ya kwetu. Nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu anayerudi nyumbani na wageni. Kwa mchezo wenyewe sitawachosha. Wenyeji wetu walikuwa makarani na walimu, watu wazima wenye viatu vya raba, na goli lao lilikuwa la chuma. Walijazana chini ya goli kama tulivyoogopa. Sisi tukasimama mbali, kamwene, kamwene. Mwanzoni walicheka. Rafiki yangu alipozidi kuwafunga wakaacha kucheka, na mmoja akamlalamikia mwamuzi kwamba tunawasomea dawa. Tulishinda kwa kitu kidogo sana, lakini tulishinda.

Jioni nilimpeleka nyumbani kwetu. Baada ya chakula nikamuuliza baba kama anamjua Mhehe wa zamani kule Chunya. Baba akakuna ndevu. Mama ndiye aliyedakia kutoka uani.

“Si yule wa tumbaku? Asiye na adabu, anayepokea chenji kwa mkono wa kushoto? Kila siku namwambia, naye anacheka.”

Rafiki yangu alikuwa ameshika kikombe cha chai. Kwa mkono wa kushoto. Mama akautazama mkono ule, akaziba mdomo kwa kanga.

Mtu huyo alikuwa mjini. Alikuwa ameshuka na mzigo wake, na kesho yake asubuhi alikuja dukani kununua chumvi na mafuta ya taa. Hapakuhitajika kuulizwa kitu. Urefu ule ule, viganja vile vile, na usoni alikuwa rafiki yangu aliyeachwa juani miaka mingi. Aliketi barazani juu ya gunia akingoja mafuta yapimwe. Rafiki yangu alitoka ndani, akasimama mbali kidogo, akapiga goti.

“Kamwene, baba.”

Mzee hakuitikia. Aliyesalimiwa kwa Kihehe alijibu kwa Kiswahili, tena kile cha machimboni.

“Umekosea mtu, kijana.”

Rafiki yangu hakuinuka. Mzee akatazama barabara, akatazama debe la mafuta, akautazama mkono wa rafiki yangu. Kisha akauliza, bado kwa Kiswahili:

“Mama yako anakaa kwa nani?”

“Kwa baba mdogo.”

“Wana watoto?”

“Wanao.”

“Na huyo baba yako mlishamlilia?”

“Tulimlilia. Tukanyoa.”

“Basi umekosea mtu,” mzee alisema, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. “Baba yako amekufa. Kawaambie umeona kaburi.”

Alipokea chumvi kwa mkono wa kushoto, akabeba debe lake, akaondoka. Nilimfuata kwa macho na kwa masikio mpaka kona ya soko, kwa kuwa nilikuwa na jambo langu la kusikiliza. Hakukohoa. Kifua chake kilikuwa kizima kama changu. Nilimchukia kwa hilo, sijui kwa nini kwa hilo hasa.

Kwenye lori la kurudi watu waliimba njia nzima. Rafiki yangu alijifunika blanketi mpaka machoni. Mimi, nisiyejua kunyamaza, nilinyamaza, kwa sababu tulikuwa tunafikiri kitu kimoja na hakuna aliyetaka kukitamka kwanza. Kama mzee yuko Mbeya na debe lake la mafuta ya taa, aliyekuwa anaturudishia mpira ni nani?

Ukungu ulipotanda tena juu ya uwanja, hakwenda. Alicheza siku za jua tu, na aliacha kusalimu. Mpira uliingia vilevile. Mwalimu alimsifu kwamba sasa amekomaa, hahitaji maneno. Nilitamani kumzaba mwalimu kofi.

Jumapili akaniomba nimsindikize kwao. Tulishuka bondeni na kupanda upande wa pili, tukapita pembeni ya kile kijisitu bila kukitazama. Njiani alirudia mara nyingi atakavyosema, kama mwanafunzi anayekariri. Mama yake alitupokea kwa togwa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho yameingia ndani, mifupa ya mabega imetokeza kwenye kitambaa. Mumewe wa sasa alikuwa shambani. Mama hakutuacha hata tumalize kunywa.

“Umefika?”

“Nimefika, mama.”

“Umemwona?”

Kihehe changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini hayo niliyaelewa. Nikamtazama rafiki yangu. Aliweka kibuyu chini, akanyoosha mgongo, na sauti yake haikutikisika hata kidogo.

“Nimeona kaburi lake. Liko Chunya. Alikufa zamani, mama, kabla hamjamlilia. Wamelitunza vizuri.”

Nilingoja kilio. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimeshika ukingo wa kigoda. Badala yake mabega yale yaliteremka, akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukawa wa msichana. Alifuta macho kwa kiganja, akacheka kidogo kwa haya.

“Basi ni yeye,” alisema. “Maskini, nilikuwa namwogopa mume wangu.”

Akainuka, akamimina togwa kwenye kibuyu safi, akakifunika kwa jani la mgomba. Akafungua mlango wa nyuma, ule aliokuwa ameukaza kwa gogo miezi yote hiyo, akaliburuta gogo kando. Aliinama, akakiweka kibuyu kizingitini kwa mikono miwili, akasema na aliyekuwa huko nje, kwa upole, kama mtu anavyosema na mwenye nyumba aliyechelewa kurudi.

“Karibu ndani.”

Na mlango akauacha wazi.